HAMIRA ISIYOSIKIA DAWA: SIRI IMO KATIKA UTANDO

Katika jarida letu hili wengi huandika juu ya mapenzi, mihadarati na adha ya kungojea feri pale Likoni. Mimi mwaka huu naomba ruhusa nizungumzie kitu kidogo mno, kisichoonekana kwa macho, ambacho hapa Shelly Beach tunakila karibu kila asubuhi. Kitu chenyewe ni hamira. Najua kuna atakayeniuliza, "Hamira na Kiswahili wapi na wapi?" Nami namjibu kuwa sayansi si mali ya Kiingereza peke yake. Isitoshe, jambo nitakalolieleza linahusu afya zetu na za wazee wetu, na wengi wa wazee hao hawatalisoma katika kitabu cha Bayolojia.

HAMIRA NI KITU GANI?

Usiku mama anapokanda unga wa mahamri kwa tui la nazi na iliki, hutia hamira kijiko kimoja, akafunika sufuria na kulala. Kukicha, unga umefura hadi unasukuma kifuniko. Wengi hudhani hamira ni unga tu wa dukani, kama vile magadi. La hasha! Hamira ni kiumbe hai. Ni kuvu wa seli moja moja, na jina lake la kitaalamu ni Saccharomyces cerevisiae. Ukizipanga seli zake katika mstari, zitahitajika 100 hadi 200 ili kufikia urefu wa milimita moja. Seli hizi hula sukari, kisha hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo inayofurisha unga, pamoja na pombe. Jamaa zake ndio wanaofanya kazi ndani ya kibuyu cha mgema. Ndiyo maana mnazi ulioshushwa asubuhi ni mtamu, lakini ukikaa hadi jioni unakuwa mkali wa kumwangusha mtu.

Basi, kama ilivyo katika kila ukoo, wapo ndugu wema na wapo wabaya. Kuna jamaa wa hamira waitwao Candida. Hawa huishi mdomoni na matumboni mwetu bila kutudhuru, lakini kinga ya mwili ikidhoofika hugeuka maadui. Huweka ukoga mweupe ulimini, na wakipata njia huingia hata katika damu. Yuko mwingine aitwaye Cryptococcus, apatikanaye katika udongo na kinyesi cha njiwa. Huyu huvutwa kwa pumzi, na kwa mtu ambaye kinga yake imeharibiwa na virusi vya UKIMWI huweza kupanda hadi kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Hapo si mchezo tena.

Dawa za kupigana na kuvu hawa zipo. Tatizo ni kwamba baadhi yao wamekuwa sugu. Unameza dawa, nao wanaendelea na shughuli zao kama vile hukumeza kitu. Wanawezaje? Ili tujue, hatuna budi kuutazama utando wa seli.

UTANDO WA SELI

Kila seli, iwe ya hamira, ya mnazi au yako wewe msomaji, imezungukwa na utando. Seli ya hamira ina ukuta mgumu kwa nje, halafu ndani ya ukuta huo ndimo mlimo utando. Utando ni mwembamba ajabu. Chukua milimita moja uigawe vipande milioni moja; unene wa utando ni kama vipande 7 au 8 tu!

Utando umejengwa kwa mafuta yaitwayo fosfolipidi, yaliyojipanga safu mbili. Kila chembe ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyachukia, kwa hivyo vichwa hutazama nje na ndani, na mikia hujificha katikati. Katikati ya mafuta hayo zimepachikwa protini, ambazo nyingine ni milango, nyingine ni mabawabu na nyingine ni pampu. Wataalamu wawili, Singer na Nicolson, waliueleza mpango huu mwaka 1972, na maelezo yao ndiyo tunayofundishwa hadi leo.

Hebu nikupe mfano wa kwetu. Fikiria mashua ya wavuvi. Mbao zake zimeunganishwa vizuri, lakini baina ya ubao na ubao kuna nafasi. Fundi huziba nafasi hizo kwa pamba na mafuta, yaani hutia kalafati. Bila kalafati mashua haifiki popote. Katika utando wa seli, kalafati hiyo ni mafuta ya aina nyingine yanayokaa katikati ya fosfolipidi na kuufanya utando usiwe laini mno wala mgumu mno. Katika miili yetu sisi wanadamu, mafuta hayo ni kolesteroli. Katika hamira na kuvu wenzake ni ergosteroli. Tafadhali, msomaji, usiisahau tofauti hiyo, kwani habari yote inasimama juu yake.

Darasani kwetu tuliwahi kuonyeshwa umuhimu wa utando kwa chupa tatu za soda. Katika ya kwanza tulitia maji ya uvuguvugu, sukari na hamira. Katika ya pili tulitia vivyo hivyo, ila hamira ilikuwa imechemshwa kwanza. Katika ya tatu tuliongeza chumvi nyingi. Kila chupa tukaifunika mdomo kwa puto. Baada ya nusu saa puto la kwanza lilikuwa limesimama wima, la pili limelala kabisa, na la tatu limeinuka kidogo tu. Joto la kuchemsha liliharibu protini na utando, seli zikafa. Chumvi nayo iliyavuta maji ya seli kupitia kwenye utando, zikasinyaa na kushindwa kufanya kazi. Kwa ufupi, anayetaka kuitawala seli huanzia mpakani kwake.

DAWA HUSHAMBULIA WAPI?

Ugumu wa kutengeneza dawa ya kuvu ni kwamba seli ya kuvu inafanana sana na yetu. Sumu inayomuua yeye inaweza kutuua na sisi. Kwa hiyo wataalamu walitafuta pale tulipotofautiana, na mahali pazuri pakawa pale pale kwenye ergosteroli.

Dawa ya kwanza ni nistatini. Iligunduliwa mwaka 1950 na wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, kutokana na vijidudu vya udongo uliochotwa katika shamba moja huko Virginia. Waliipa jina la jimbo walikofanyia kazi, New York. Hadi leo watoto wachanga wenye ukoga mdomoni hutiwa matone yake. Baadaye, katika miaka hiyo hiyo ya 1950, ikapatikana nduguye, amfoterisini. Dawa hizi mbili huishika ergosteroli yenyewe. Zamani ilielezwa kwamba hutoboa matundu katika utando hata potasiamu ya seli ikavuja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ukaongeza kwamba amfoterisini hukaa juu ya utando kama sponji na kuinyonya ergosteroli nje. Ni kama mtu anayekuja usiku na kuichomoa kalafati ya mashua yako. Lakini amfoterisini ina ubaya wake, kwa sababu huweza kuziumiza figo za mgonjwa.

Dawa ya pili ni flukonazoli, ambayo wengi tunaijua kwa sababu ni kidonge cha kumeza. Hii haigusi kalafati. Humfuata fundi anayeitengeneza! Ndani ya seli mna kimeng'enya kinachohusika katika kutengeneza ergosteroli, nacho huundwa kwa maagizo ya jeni iitwayo ERG11. Flukonazoli huingia na kukaa katika nafasi ya kazi ya kimeng'enya hicho, kama ufunguo uliokwama kwenye kufuli. Ergosteroli inakosekana, mafuta mabaya yanajazana mahali pake, na utando unaharibika. Aghalabu, kuvu hafi papo hapo bali anaacha kuongezeka, halafu kinga ya mwili inamaliza kazi. Je, kama kinga yenyewe haipo? Jambo hilo tutalirudia.

NJIA NNE ZA USUGU

Sasa tufike kwenye kiini cha makala haya. Kuvu huikwepaje dawa?

Njia ya kwanza ni kubadilisha kufuli. Jeni ya ERG11 ikipata badiliko dogo, umbo la kimeng'enya hubadilika. Kazi yake kinaendelea kuifanya, lakini flukonazoli haishiki tena vizuri.

Njia ya pili ni kuongeza mafundi. Seli hutengeneza vimeng'enya vingi kupita kiasi. Dawa ikiwakamata mafundi kumi, wako wengine kumi wanaoendelea kutia kalafati.

Njia ya tatu ndiyo inayonishangaza zaidi, nayo ni kufua maji. Mashua ikiingia maji, nahodha hawezi kusimama katikati ya bahari na kuanza kujenga upya. Anamwambia kijana, "Shika ndoo, ufue maji!" Maji yanaingia, naye anayatupa nje. Seli ya kuvu nayo ina protini katika utando wake zinazofanya kazi hiyo hiyo. Katika hamira ya mahamri, pampu mashuhuri huitwa Pdr5, na katika Candida ziko Cdr1 na Mdr1. Dawa inaingia, pampu inaishika na kuitupa nje, kwa kutumia nguvu iliyotokana na chakula cha seli. Tena pampu kama Pdr5 haichagui sana. Inatupa sumu za aina nyingi zisizofanana, ndiyo sababu seli moja huweza kuwa sugu kwa dawa kadhaa kwa mpigo. Pampu hizi hazikuja kwa sababu ya hospitali. Kumbuka kwamba nistatini yenyewe ilitoka kwa vijidudu vya udongoni. Viumbe wadogo wamekuwa wakirushiana sumu tangu kale, kabla hajazaliwa daktari hata mmoja.

Njia ya nne ni kubadilisha kalafati yenyewe. Seli nyingine huacha kutengeneza ergosteroli na kutumia mafuta ya aina nyingine. Amfoterisini ikija haikuti kitu cha kushika. Lakini njia hii ni ghali. Utando usio na ergosteroli ni dhaifu, hauvumilii joto wala dhiki nyingine. Ndiyo maana usugu kwa amfoterisini hauonekani mara nyingi kama ule wa flukonazoli. Hata katika mnazi, pombe inapozidi huuharibu utando wa seli zilizoitengeneza, na ergosteroli ni miongoni mwa vitu vinavyozisaidia kuvumilia.

Labda umeona kwamba habari hii ya kufua maji inafanana na ya malaria. Naam, inafanana. Nyanya yangu hukumbuka klorokwini na jinsi ilivyokuwa ikimwasha mwili mzima. Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, kwa kuwa vimelea vilishakuwa sugu. Mwaka 2000 ikagunduliwa kwamba siri yao ni protini iitwayo PfCRT, iliyomo katika utando wa kifuko ambamo kimelea humeng'enyea chakula chake. Klorokwini inakusanyika humo, na protini iliyobadilika inaitoa nje. Kuvu na kimelea si ndugu, lakini wote wawili wanajua kufua maji.

USUGU UNATOKEA VIPI?

Watu husema, "Mwili umezoea dawa." Msemo huu hauelezi ukweli wote. Mwili haukuzoea, kuvu ndio waliobadilika. Na wao hawakukaa baraza wakaamua kubadilika. Hebu tupige hesabu. Seli ya hamira ikipata sukari na joto zuri huweza kuzaa nyingine kwa kama dakika 90. Baada ya saa 15, seli moja imekuwa 1,024. Baada ya saa 30, zimezidi milioni moja. Katika kunakili jeni mara zote hizo, makosa hayakosekani. Mengi hayana faida, lakini moja laweza kuongeza pampu au kubadilisha kufuli. Kama dawa haipo, seli hiyo haina cheo chochote. Dawa ikija, wenzake wanakufa au kusimama, naye anabaki na uwanja peke yake. Kila tunapotumia dawa ovyo, tunamfagilia njia.

Shangazi yangu ana ugonjwa wa sukari. Aliota ukoga mweupe mdomoni, akaenda kwenye duka moja la dawa. Muuzaji hakumtazama hata mdomo. Alisema, "Hiyo ni fangasi tu, mama. Chukua vidonge viwili, vitakutosha." Shangazi alipata nafuu, ukoga ukarudi. Akauziwa viwili tena, na tena. Mara ya nne chakula kilikuwa hakipiti, naye alikuwa amekonda, tukaogopa. Ndipo alipopelekwa kwa daktari. Walimpangusa ulimi kwa pamba, wakaotesha vijidudu maabarani, wakakuta ni aina ya Candida isiyoisikia sana flukonazoli. Alibadilishiwa dawa, na sukari yake ikashughulikiwa vilevile, maana mate yenye sukari nyingi ni karamu kwa kuvu. Sasa hajambo. Siwezi kuapa kwamba ni vile vidonge viwili viwili vilivyouleta usugu, kwa sababu ziko aina za Candida ambazo ni ngumu tangu asili. Ila jambo moja ni wazi. Pesa zilikwisha, na ugonjwa ulipewa muda wa kukua kwa sababu hapakuwa na kipimo.

HAPA AFRIKA MASHARIKI

Haya si mambo ya Ulaya tu. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Kenya aligunduliwa mwaka 1984, na mwaka 1999 serikali ikatangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Pamoja nao walikuja kuvu wanaovizia kinga iliyodhoofika. Katika nchi nyingi za Afrika, wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo ya Cryptococcus walitibiwa kwa flukonazoli peke yake, kwa kuwa ilipatikana na haikuhitaji sindano. Sasa turudi kwenye lile swali. Kinga haipo, na dawa haiui bali inazuia tu. Kuvu anapata nafasi ya kujipanga.

Utafiti wa wagonjwa wa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha anavyojipanga. Ndani ya mgonjwa mmoja mlikuwa na seli nyingi dhaifu na chache sugu, hata kabla ya matibabu. Zile sugu zilikuwa na nakala ya ziada ya kromosomu nzima, kromosomu namba 1. Katika kromosomu hiyo ndimo ilimo jeni ya ERG11, na humo humo mna jeni ya pampu. Kwa hiyo kwa kosa moja, seli inapata mafundi zaidi na wafua maji zaidi! Wagonjwa waliopewa flukonazoli peke yake, idadi ya seli sugu iliongezeka. Walioongezewa dawa ya pili, flusitosini, haikuongezeka.

Matibabu yamebadilika kwa sababu ya maarifa kama haya. Mwaka 2022, baada ya majaribio yaliyohusisha nchi tano za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Na amfoterisini hiyo hufungwa ndani ya viputo vidogo vya mafuta ili isiumize sana figo. Viputo hivyo vimetengenezwa kwa mafuta ya jamii ile ile ya utando! Adui anafuatwa kwa vazi lake mwenyewe.

Yuko pia mgeni mmoja wa hatari, Candida auris. Alielezwa mara ya kwanza mwaka 2009, baada ya kupatikana katika sikio la mgonjwa huko Japani. "Auris" ni sikio kwa Kilatini. Katika hospitali moja jijini Nairobi, kati ya Septemba 2010 na Desemba 2016, walipatikana wagonjwa 201 waliokuwa na Candida katika damu, na asilimia 38 kati yao walikuwa na aina hii. Yeye aghalabu haisikii flukonazoli, na huweza kukaa juu ya vitanda na vifaa vya hospitali. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilimweka katika kundi la kuvu hatari zaidi, pamoja na Cryptococcus.

TUFANYEJE?

Kwanza, tusinunue dawa kwa kukisia. Ukoga unaorudi rudi unataka kipimo. Tena ni vyema mtu apimwe sukari na virusi vya UKIMWI, kwa sababu mara nyingi kuvu ni moshi tu, moto uko kwingine. Pili, dozi uliyoandikiwa uimalize, na kidonge chako usimgawie jirani hata kama mnapendana vipi. Tatu, ukiwa na mgonjwa hospitalini, nawa mikono kabla na baada ya kumshika. Nne, sisi wanafunzi tuwaeleze wazee wetu kwa lugha wanayoielewa. Mimi nilimweleza shangazi habari ya mashua na ndoo ya kufulia maji, akacheka, akasema, "Kumbe hao wadudu nao ni wavuvi!" Tangu siku hiyo hanunui kidonge bila karatasi ya daktari.

Dawa za kuvu tulizo nazo si nyingi, na nyingi kati ya hizo zinautegemea ule utando mwembamba na ergosteroli yake. Tukizichezea zikachakaa, hatutakuwa na nyingine za kuokota njiani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tumeuona, msomaji mwenzangu. Tuuzibe sasa. Nakutakia kila la heri katika masomo, na mahamri yako ya kesho yafure vizuri.